Onesmus Mwanthi na Mguu wa Dancan

Ukiingia mnara fulani pale Jumeirah Lakes Towers, Dubai, ukakuta nyuma ya deski mzee mrefu, mkavu, mwenye mvi za masikioni, anayekutazama shingo kabla hajakutazama uso, usione vibaya. Huyo ni Onesmus Mwanthi. Hakupimi wala hakudharau. Ni mazoea tu. Kwa miaka kumi na tisa alifanya kazi na watu waliofunikwa nyuso, akajifunza kuwatambua kwa sehemu nyingine.

Alizaliwa Mwala, Ukambani, mtoto wa nne wa fundi viatu. Shule ilimkatikia kidato cha pili. Alipofika miaka ishirini na minne, mjomba wake aliyekuwa dereva katika chuo kimoja cha udaktari Nairobi alimwombea kibarua cha kufagia. Kufagia wapi, mjomba hakusema. Siku ya kwanza Onesmus alifungua mlango, akaona meza kumi na mbili na watu kumi na wawili wamelala chini ya mifuniko ya plastiki, akaufunga mlango taratibu, akaenda kutapika kwenye maua ya mkuu wa chuo. Siku ya pili akarudi. Njaa haikumpa nafasi ya kuchagua.

Kutoka ufagio alipandishwa hadi kubeba, kutoka kubeba hadi kuwatia dawa wasioze, na mwisho akakabidhiwa kisu. Profesa aliyekisimamia chumba kile alikuwa mkali kama pilipili ya kukaanga, lakini aligundua kwamba mikono ya mfagiaji wake haitetemeki. Akamfundisha kuanika neva moja nyembamba bila kuikata, kuufuata mshipa kutoka shingoni hadi ulikojificha, na kuuacha kila mfupa mahali pake ili wanafunzi wakija asubuhi wakute kitabu kimekwisha kufunuliwa. Juu ya sinki Profesa alikuwa ametundika picha iliyofifia ya daktari mmoja Mmarekani wa karne ya kumi na tisa, mwenye ndevu za kufagilia uwanja. Mzungu yule, Profesa alipenda kusimulia, mchana alitibu homa na jioni alipasua maiti, na kila alichokiona kwa maiti alikirudisha kwa mgonjwa wa kesho yake. Onesmus alikuwa akisikiliza huku akisugua meza. Yeye hakuwa na mgonjwa wa kesho yake. Alikuwa na wale kumi na wawili tu, na wakiisha waliletwa wengine, watu ambao hospitali iliwatangaza gazetini na hakuna ndugu aliyejitokeza.

Kila asubuhi, kabla hajafunua mfuniko wowote, aliwaamkia. "Hamjambo, walimu." Wanafunzi walicheka mwaka wa kwanza, mwaka wa pili wakaanza kuwaamkia pia. Yeye walimwita Dokta, kwanza kwa utani, kisha kwa unyenyekevu, maana siku za mtihani ndiye aliyechomeka pini za namba kwenye miili, na hakuna soda iliyowahi kumhonga akasema pini ya saba imechomekwa wapi.

Halafu chuo kikanunua meza za kioo. Unagusa kwa kidole, picha ya mwili inafunguka, damu haipo wala harufu haipo. Chumba kikafungwa nusu, na wafanyakazi wa mkataba wakapewa barua. Barua ya Onesmus ilimshukuru kwa miaka kumi na tisa ya utumishi mwema kama "mfanyakazi wa usafi". Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia mfukoni. Kuna madaktari wakubwa Kenya leo ambao mshipa wa kwanza maishani mwao walionyeshwa na yeye, lakini cheti chake kinasema alikuwa akifagia, na cheti hakibishani na mtu.

Ndivyo alivyofika Dubai, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitatu, amevaa sare ya ulinzi iliyombana mabegani. Mkewe na mabinti watatu walibaki Mwala. Kampuni ilimlaza kwenye kempu ya wafanyakazi ya Al Quoz, chumba cha vitanda sita, na haikuchukua mwezi kabla watu hawajajua kwamba yule mzee anajua mwili. Wakaanza kuja: huyu bega, yule tumbo, mwingine kidole kimekufa ganzi. Onesmus hakuwahi kumpa mtu hata kidonge cha kichwa. Alitazama, akabonyeza, akasema moja kati ya mawili: "Huo ni msuli, lala," au, "Hilo nenda hospitali leo." Jina la Dokta likamfuata hadi huko.

Basi katika chumba hicho, miaka mitatu iliyopita, akaletwa Dancan Ombasa. Kijana wa Nyamira, miaka ishirini na saba, mtoto wa pekee wa mama mjane anayeitwa Rebecca. Alipangiwa lango la maegesho ya mnara uleule wa Onesmus, kwa hiyo asubuhi walipanda basi moja la kampuni na jioni wakarudi pamoja. Dancan alikuwa na mdomo. Alimwigiza supavaiza, akamwigiza mpishi wa kempu, akamwigiza hata Onesmus anavyomtazama mtu shingo. Kila siku alimpigia mama yake kwenye video, akamzungusha simu chumba kizima awasalimie wote, na Onesmus, ambaye si mtu wa kuchekacheka, alikuwa anajisogeza taratibu ili naye asalimiwe. Nisizunguke: alimpenda yule kijana kama mwanawe wa kiume ambaye Mungu hakumpa.

Ijumaa moja mwezi wa Februari, siku yao ya mapumziko, vijana wa kempu walicheza mpira kwenye kiwanja cha changarawe, na Dancan akapigwa teke kwenye shavu la mguu wa kushoto. Akachechemea, akacheka, akaufunga bendeji ya kuvuta. Jumamosi na Jumapili akaingia kazini. Kazi ya lango ni kukaa. Saa kumi na mbili ndani ya kibanda kisichotosha kunyoosha goti, unabonyeza kitufe, kizuizi kinapanda, kinashuka.

Jumatatu mchana Onesmus alishuka maegeshoni kumpelekea chai. Akamwona anatoka kibandani, akauona ule mguu unavyokanyaga, akaweka chai chini.

"Dancan, vua kiatu."

"Dokta, tuko kazini. Kamera inatuona."

"Wacha ituone. Vua, na pandisha suruali."

Mguu wa kushoto ulikuwa umejaa, ngozi imevutika hadi inang'aa. Onesmus alivua kamba ya beji shingoni, akaizungusha mguu wa kulia, akaweka alama kwa kidole gumba. Akaizungusha wa kushoto. Alama haikufika, ikapungua kwa upana wa vidole vitatu. Akagusa, pana joto. Akabonyeza, shimo likabaki.

"Teke lilikupiga wapi?"

"Hapa pembeni."

"Na panauma wapi?"

Dancan akafikiri. "Ndani. Huku nyuma, ndani kabisa. Si pale pa teke."

Onesmus alijua. Hakukisia, alijua, kwa sababu mikono yake ilikuwa imeligusa jambo lile mara nyingi. Kuna walimu wake, wale wa mezani, ambao ukiwafungua kifua ulikuta katika mshipa mkubwa wa mapafu donge jeusi la damu, refu, limejikunja kama kipande cha ini. Wanafunzi waliuliza limetoka wapi, na Profesa akawaambia, shukeni chini, fuateni mshipa. Wakashuka tumboni, wakashuka pajani, wakafika nyuma ya shavu la mguu, na hapo wakakuta mabaki yake. Onesmus aliijua njia hiyo yote, ila aliijua kwa kushuka, kutoka kifo kurudi ugonjwa. Hii ilikuwa mara yake ya kwanza kusimama mwanzo wa njia, na mtu mwenyewe anapumua na kumwuliza kama chai ina tangawizi.

"Twende hospitali leo," alisema. "Damu imeganda humo ndani. Ikikatika ikapanda, Dancan, inaua."

Dancan alivaa kiatu. Kwa mara ya kwanza uso wake haukuwa na mzaha. "Dokta, Alhamisi nina medikal."

Hapa lazima nieleze, maana asiyekaa kule hataelewa mtu mzima anawezaje kujibu hivyo. Viza ya mfanyakazi ikifika wakati wa kufanywa upya, mtu hupelekwa kupimwa damu na kupigwa picha ya kifua. Kipimo kinatafuta magonjwa machache yanayoambukiza, basi. Lakini miaka miwili nyuma, mwenzao wa chumba kile, Sammy, aliingia kupigwa picha akiwa mzima kama punda, wakaona kovu kwenye pafu, na kabla mwezi haujaisha alikuwa amerudishwa kwao na sanduku lake. Tangu siku hiyo chumba kizima kilijiwekea sheria. Mwezi wa medikal, hakuna kuumwa. Unakunywa maziwa, unalala mapema, na hukanyagi hospitali yoyote kwa lolote, kwa sababu waliamini kwamba kitambulisho chako kikipitishwa kwenye mashine ya hospitali, kitakachoandikwa kitakufuata hadi kwenye chumba cha picha. Wahenga walisema mficha ugonjwa kifo humuumbua. Wahenga hawakuwahi kufanya upya viza.

"Mguu hauhusiani na medikal," Onesmus alisema.

"Una hakika?"

Onesmus akairudisha kamba ya beji shingoni. Hakuwa na hakika. Yeye mwenyewe, mwezi wake ulipofika, alikuwa amelificha shinikizo la damu, akanywa maji ya kitunguu saumu wiki nzima.

"Siku tatu tu, Dokta. Alhamisi nikitoka huko, unipeleke hospitali yoyote unayotaka, hata ya wanyama. Mama ananitegemea mimi peke yangu. Nikirudishwa, ni nani atamlisha?"

"Mpaka Alhamisi," Onesmus alisema.

Namlaumu hapo, na yeye anajilaumu kuliko mimi. Mtu aliyeliona donge lile kwa macho yake, akalishika, alikubaliana na kijana asiyejua kitu. Lakini nani kati yetu angebisha? Alikuwa anamwonea huruma, na huruma ilimtia woga. Akampa masharti: afungue bendeji, asikae zaidi ya nusu saa bila kutembea, anywe maji, akilala aweke mguu juu ya mto, na kifua kikibana hata kidogo apige simu. Alikumbuka yote hayo. Jambo moja hakulisema, kwamba mguu ule usikandwe. Halikumjia kabisa. Katika miaka yake yote ya kazi, hakuna aliyewahi kumkanda mtu wake hata mmoja. Maiti hawakandwi.

Jumanne ikapita vizuri. Jumatano Dancan alibadilishana zamu na mwenzake akabaki kempu apumzike kabla ya kipimo. Chumbani alibaki na Jaafar, mtu wa Mombasa aliyelinda zamu ya usiku kwenye majengo ya Jumeirah Village Circle na mchana alikuwa akilala. Jaafar ni mtu mwema. Mtu ambaye akipika wali anaita hata wasiomsalimia.

Saa tano asubuhi simu ya Onesmus ikatetemeka chini ya deski.

"Dokta, usishtuke," Dancan alisema, na sauti yake ilikuwa inakatika kama ya mtu aliyepanda ngazi. "Kuna kichomi kidogo huku ubavuni. Na nimekohoa. Nafikiri ni ile AC."

"Naita ambulansi."

"Usiite! Dokta, nakuomba. Ambulansi ikiingia kempu watu wote watatoka kutazama, jina litaandikwa, na medikal ni kesho. Kesho! Jaafar ananichemshia maji sasa hivi. Nitakuwa sawa." Akakata.

Maji. Onesmus aliyasikia maji, akafikiri ni ya chai. Alichoogopa ni kichomi. Akamwita supavaiza kwenye redio, Bwana Walid, akaomba mtu wa kumpokea.

"Hakuna mtu," Walid alisema. "Saa saba inshallah. Deski haliachwi wazi, mzee, wewe unajua kuliko mimi."

Alijua. Akabaki amesimama pale, mikono juu ya marumaru, watu wanaingia na kahawa zao, anawafungulia, habari za asubuhi madam, habari za asubuhi sir. Kuna aina ya kukosa uwezo ambayo mtu huivalia tai. Dakika kumi zilipita. Ishirini. Kisha mlango ukamwingiza Daktari Barbara, mpangaji wa ghorofa ya kumi na tisa, anayetibu watoto.

Mlinzi haanzishi mazungumzo na mpangaji. Kwa miaka minane Onesmus hakuwahi. Siku ile alitoka nyuma ya deski, na kule kutoka tu kulimfanya mama yule asimame.

"Madam, samahani. Rafiki yangu ana uvimbe wa mguu mmoja, siku tano baada ya kuumia. Una joto, ukibonyeza panabonyea. Leo ana kichomi, anakohoa, anahema." Na akautaja mshipa kwa jina lake kamili, la Kilatini, kama alivyozoea kuutamka mbele ya wanafunzi.

Daktari Barbara alimtazama, akatazama beji yake, akamtazama tena. "Nani amekwambia haya?"

"Hakuna, madam. Nimeyaona."

"Yuko wapi?"

"Kempu. Amelala."

"Piga ambulansi sasa hivi. Usinisubiri nimalize kusema."

Hakuna alichoambiwa ambacho hakukijua tangu Jumatatu. Lakini kilikuwa kimesemwa na mtu mwenye cheti, na ghafla mikono yake ikaweza kufanya kazi. Hilo ndilo asilojisamehe: kwamba ujuzi wake mwenyewe aliuacha umekaa siku tatu ukingoja ruhusa. Alimpigia Dancan, namba inatumika. Akapiga tena, inatumika. Akapiga mia tisa tisini na nane, namba ya ambulansi. Mgonjwa yuko nawe? Hapana. Anapumua? Sijui. Kempu ipi, blok namba ngapi? Na hapo akakwama, kwa sababu miaka minane aliishi katika jengo ambalo wao waliliita Blok ya Wakenya, na namba yake halisi hakuwahi kuihitaji. Akaeleza: nyuma ya kiwanda cha vioo, jengo la tatu, lenye nguo nyingi. Kisha akaliacha deski. Redio ilimwita jina hadi akaingia kwenye teksi.

Alifika lango la kempu akakuta ambulansi imekwisha kuingia, na wahudumu wawili wamesimama uani wakitazama majengo manne yanayofanana, yote yana nguo nyingi. Akakimbia mbele yao. Mtu wa miaka hamsini na moja, viatu vya ngozi, ngazi za ghorofa tatu.

Mlango ulikuwa wazi. Chumba kilinukia mafuta ya karafuu na mvuke. Jaafar alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, karai la maji ya moto pembeni, taulo begani, na mikono yake yote miwili ilikuwa imeushika mguu wa kushoto wa Dancan, ikipanda kutoka kifundoni, pole pole, kwa nguvu, kwa upendo.

"Toa mikono!" Onesmus alisema.

Jaafar alishtuka, akaitoa. "Nimemkanda tu, mzee. Alikuwa anaumia sana, maskini. Sasa hivi yuko sawa, alhamdulillahi, muulize mwenyewe."

Dancan alifungua macho. Alikuwa amechoka, na alikuwa anatabasamu. "Maumivu yameisha, Dokta," alisema. Kisha akawaona wahudumu. "Ai! Umekuja na jeshi lote."

"Usiinuke."

"Siwezi kubebwa na kaptula mbele ya watu." Akajiinua, akashusha miguu kitandani, akanyoosha mkono kutafuta suruali, na akasimama. Alisimama kwa muda wa kuhesabu nne au tano. Onesmus alimwona akifungua mdomo kama anayetaka kuuliza jambo, macho yakapanuka, midomo ikabadilika rangi. Akaanguka mikononi mwa mhudumu.

Kila kitu kilikuwepo. Hewa ya chupa ilikuwepo, mashine ilikuwepo, watu wawili waliosomea kazi yao walikuwepo, na walifanya kazi vizuri. Onesmus aliitazama mikono yao kifuani kwa kijana na hakuona kosa. Yeye alibanwa ukutani na kabati. Aliujua kila ubavu uliokuwa ukibonyezwa. Alijua donge lilikuwa limefika wapi, limepita vyumba vipi vya moyo, limekwama kwenye panda gani. Angeweza kuweka pini. Na hakuna hata kimoja alichoweza kufanya.

Hospitalini alitoka daktari kijana, Taghreed, akamwuliza kama yeye ni baba. Onesmus alisema hapana, tunafanya kazi pamoja. Binti yule alikuwa na upole. Alimkalisha, akachukua karatasi, akamchorea mguu, mshipa, moyo, mapafu, akamweleza kwa maneno mepesi kama anavyoelezwa mlinzi. Mshipa wa paja aliuchora upande usio wake. Onesmus aliitikia kwa kichwa, asimsahihishe.

"Alikandwa," alisema mwishoni. "Leo. Ule mguu. Je, ndiko kulikoling'oa?"

Taghreed aliweka kalamu chini. "Inawezekana. Inawezekana pia lilikatika aliposimama, au lingekatika usiku akigeuka. Hakuna anayeweza kukwambia kwa hakika."

Onesmus alimshukuru. Alitaka sana kuamini sehemu ya pili.

Kempu alimkuta Jaafar amekaa sakafuni karibu na karai, maji yamepoa, hajayamwaga. "Wallahi, mzee, alinilalia mikononi kama mtoto," Jaafar alisema huku analia. "Nilimwambia utapona ndugu yangu. Nilimwambia!" Onesmus alikaa karibu naye. Hakumwambia kwamba mguu kama ule haukandwi. Angesema ili iweje? Kama kosa ni la kugawana, fungu kubwa lilikuwa lake, yeye aliyejua.

Alhamisi ya medikal ilifika, ikapita. Walid alishughulikia karatasi, na sitamsema vibaya, alizishughulikia kwa haraka, na habari ya deski kuachwa wazi hakuitaja. Mwili ulipopelekwa mahali pa kutiwa dawa kabla ya safari, Onesmus alikwenda. Akamwambia mtu wa dirishani kwamba kazi hii ameifanya miaka kumi na tisa, kwamba hataki chochote, anaomba tu aingie amwandae kijana wake kwa mikono yake. Mtu yule aliomba leseni. Onesmus alikuwa na ile barua, ameihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki. Akaitoa nusu, akaiona ilivyoandikwa, akairudisha. Akasimama nje ya ukuta ule hadi saa tisa, kwenye jua, na alipoona gari limetoka aliinua mkono. Hakuweza hata kumwamkia.

Jumapili alasiri simu ya Onesmus iliita. Namba ya Kenya. Alikuwa peke yake chumbani, amekaa kwenye kitanda chake, kitanda cha Dancan kimebaki chuma na godoro. Alikuwa ameongea na wajomba, na mchungaji, na chifu. Mama Dancan tu ndiye hakuwa ameongea naye, kwa sababu walisema hawezi kusema.

"Baba Dokta," sauti ilisema. "Ni mimi. Mama Dancan."

"Mama. Pole. Pole sana, mama."

"Nimeshapoa." Hakuwa amepoa, sauti ilikuwa imekwaruzwa. "Nimekupigia wewe kwa sababu Dancan aliniambia wewe ndiye unaujua mwili wa mtu, hata madaktari uliwafundisha. Nataka kukuuliza kitu na usinifiche."

"Uliza, mama."

"Siku ile nilikuwa naye kwenye video. Karibu nusu saa. Yule kijana wa Mombasa ana moyo mzuri, lakini kukanda alikuwa hajui, alikuwa anapapasa tu juu juu. Nikaona mwanangu anaumia. Mimi hiyo ndiyo kazi yangu, Baba Dokta. Nimekanda watu miaka thelathini hapa Nyamira, wanaletwa wamebebwa, wanarudi wakitembea. Nikamwambia aweke simu juu ya mto nione. Nikamwonyesha. Nikamwambia bonyeza na nguvu, usimwonee huruma, toka kwa kisigino ukipanda. Panda tu, usirudi chini. Akafanya hivyo hivyo. Dancan akaniambia, mama, maumivu yameisha. Nikafurahi, nikakata simu nikaenda kukamua ng'ombe."

Onesmus alikuwa ameshika chuma cha kitanda. Alisikia kuku upande ule wa pili, na watu wanaopanga viti.

"Sasa nalala, naona ule mguu," Rebecca alisema. "Naona ile mikono. Najiuliza kama kuna mahali nilikosea, kama kuna mshipa niliuacha. Wewe unajua. Niambie tu. Nilimwonyesha vizuri?"

Mwili wa mtu Onesmus aliujua wote. Aliijua njia kutoka kisigino hadi kifuani, kila kona yake.

"Ulimwonyesha vizuri, mama," alisema.

"Hakuna mahali nilikosea?"

"Hakuna."

Akamsikia anaanza kulia, kilio cha mtu aliyeruhusiwa, na akakaa na simu sikioni hadi alipomaliza.